Dubu Aliyengoja Barafu

Mwenye ukumbi wa filamu wa Mbugangari, hapa Gisenyi mpakani na Goma, alinipa filamu ya barafu kwa sababu haikuwa na ngumi ndani yake. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asidhani nilichaguliwa kwa ujuzi. Pale ukumbini watafsiri wengine wote ni wanaume. Mtafsiri ni yule anayekaa kando ya skrini na maikrofoni, akiwaambia watu kwa lugha yao kinachosemwa kwenye filamu, huku akiongeza milio ya risasi, matusi na mizaha yake mwenyewe. Filamu ya namna hiyo tunaiita agasobanuye, yaani iliyofafanuliwa, na watu wa hapa wanaipenda kuliko filamu yenyewe ilivyotengenezwa. Wanaume wanapewa filamu za vita. Mimi, wateja walisema, sauti yangu haiwezi kumpiga mtu.

“Iko na wanyama tu, na teluji,” mwenye ukumbi aliniambia, akinipa flash aliyoinunua Goma. “Watu ya dimanche, ya kutoka misa, na watoto wao watapenda. Ila usiwalaze.”

Niliipokea kwa mikono miwili kama ninayepewa mtoto mchanga, na kuanzia hapo sikulala vizuri.

Sikumaliza shule. Baba alipofariki nilikuwa sekondari, na Kiingereza changu nimekiokota kwenye simu, neno hili leo, neno lile kesho, bila mwalimu wa kuniambia nimekosea. Ndiyo maana naogopa. Mtu aliyefundishwa akikosea, anajua kosa lake lina mipaka. Mimi kila ninapokosea nahisi chini ya kosa lile kuna mengine mengi, kwamba labda sijui chochote kabisa. Wanaume ninaofanya nao kazi huiona filamu kwa mara ya kwanza pamoja na watazamaji, na wanachekesha. Mimi huirudia hadi kucha zangu zinaisha. Nina sheria moja, ambayo wenzangu wanaicheka: sitafsiri ambacho hakikusemwa. Nitatia mzaha, nitampa mbwa jina la jirani, lakini jambo ambalo filamu haikulisema mimi sitalisema.

Filamu yenyewe ilikuwa ya dubu mweupe wa kaskazini kabisa ya dunia. Mwanzoni anatoka kwenye shimo lake la theluji, watoto wake wawili wakijikunja nyuma yake kama mifuko iliyopeperushwa. Bahari ya huko huganda kila mwaka, na dubu hutembea juu yake kuwinda sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi. Joto likija barafu inayeyuka, naye anarudi nchi kavu na kukaa na njaa, akingoja bahari igande tena. Sasa barafu inawahi kuondoka na inachelewa kurudi, na kila mwaka inayorudi ni pungufu. Dubu anangoja. Filamu nzima ni kungoja kwake.

Tatizo langu la kwanza lilikuwa barafu yenyewe. Barafu wanayoijua watu wa Gisenyi ni ile ya mvua ya mawe, inayochana majani ya migomba, na ile ya kwenye glasi katika baa za ufukweni. Asubuhi chache kilele cha mlima Karisimbi huwa cheupe, halafu jua linapanda na mambo yanaisha. Nitawaambiaje kwamba weupe ule, ukiwa mkubwa kama nchi nyingi zilizounganishwa, ndio unaoirudisha sehemu ya jua angani? Kwamba ukiondoka, bahari nyeusi iliyokuwa chini yake inalinywa lile jua, inapata joto, na kuyeyusha barafu nyingine? Nilitoka nje saa saba mchana. Ardhi yetu ni mawe meusi ya volkano. Niliweka kiganja kimoja juu ya jiwe na kingine kwenye ukuta wa jirani uliopakwa chokaa. Jiwe liliniunguza. Ukuta ulivumilika. Nikafurahi, kisha nikaanza kuogopa kwamba mfano ule haukuwa sahihi vya kutosha, nikarudi kugusa tena.

Tatizo la pili lilikuwa kina cha bahari. Nilikuwa nimejiandaa kusema barafu ya baharini ikiyeyuka bahari inapanda. Halafu wasiwasi ukanishika. Nikaomba vipande vya barafu kwa mama anayeuza juisi, nikavitia kwenye glasi, nikajaza maji hadi ukingoni. Viliyeyuka na glasi haikumwagika. Kisha nikaweka vipande vingine juu ya chujio la chai, juu ya glasi ile ile iliyojaa. Hapo meza ikalowa. Kumbe barafu inayoelea haipandishi bahari kama inavyodhaniwa. Inayoipandisha ni ile iliyokaa juu ya nchi kavu, ikishuka. Ningekosea mbele ya watu wote.

Mama aliingia akanikuta nimeinama juu ya glasi.

“Unacheza na maji kama mtoto,” alisema. Mama alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka hata akiwa na hasira. “Shangazi yako atakuja Jumapili. Nimemwambia umepewa filamu yako peke yako. Sasa, umwambie.”

“Nimwambie nini?”

“Kwamba maji yatarudi. Ahame.”

Shangazi yangu, dada ya baba, ambaye kwetu tunamwita masenge, anaishi Kanama, kando ya mto Sebeya. Miaka mingi alivuka mpaka kila siku kuuza maharage na viazi Goma, na kwa faida ile alijenga nyumba. Mvua kubwa ilipokuja, mto uliingia ndani. Ulichukua jiko, mbuzi na nyumba za majirani wa upande wa chini pamoja na watu waliokuwemo. Nyumba yake ilibaki imesimama. Ikachorwa alama nyekundu ukutani, kama nyumba zote zilizo karibu na mto, na viongozi wakawaambia watu wahame. Wengi walihama. Yeye alibaki, pamoja na mjukuu wake, msichana ambaye bado hajaanza shule, aliyeachiwa na binti yake aliyefariki akijifungua. Mama hakuwa na hofu ya nyumba. Alikuwa na hofu ya yule mtoto.

“Filamu inasema barafu ya kaskazini, mama. Haisemi Sebeya.”

“Wewe ndiye unayeshika maikrofoni. Nani atakusahihisha?”

Hilo swali nilikaa nalo hadi Jumapili.

Watu walikuja baada ya misa, wengine na Biblia zao, wengine na watoto mgongoni, wafanyabiashara wa mpakani waliopumzika siku hiyo, na vijana wasiokuwa na pa kwenda. Masenge alikaa benchi la mbele, amevaa kitenge chake cha kanisani, mjukuu mapajani. Yeye ni mtu wa filamu tangu zamani. Alipokuwa akitoka Goma jioni, mzigo umeisha, alikuwa akikaa hata nusu ya filamu kabla ya kupanda kurudi Kanama, na anazijua kanuni zake vizuri kuliko mimi.

Nilianza na lile shimo la theluji.

“Weye dada, leo hakuna bunduki?” kijana mmoja alipaza sauti.

“Iko baridi,” nilimjibu. “Bunduki imeganda.”

Walicheka. Nikapumua.

“Akteri njo nani?” aliuliza mwingine.

Hapa kwetu filamu haianzi mpaka watu wajue akteri ni nani, yule ambaye mama yangu anamwita steringi. Ukishamjua, unatulia, kwa sababu akteri hafi. Atapigwa, atazama, ataporomoka na gari, lakini hafi. Mtafsiri akikubali akteri afe, wanaweza kudai kiingilio chao.

“Akteri ni huyu dubu mama,” nilisema.

“Basi hafi!” ukumbi mzima uliitikia, na masenge alipiga makofi.

Tukaenda vizuri. Niliwaonyesha chini ya barafu, ambako mwani mdogo unaota kama ukungu kwenye dari, na vidudu vinavyoula, na samaki wanaokula vidudu, na sili anayekula samaki. Nikasema barafu ikiondoka ni kama kung'oa dari ambayo ndiyo shamba. Hilo walilielewa, ni watu wa mashamba. Wakaja wanyama wakubwa wenye meno mawili marefu kama ya tembo, ambao hupumzika juu ya barafu baharini. Barafu hakuna, wamebanana kwa maelfu ufukweni, na kitu kikiwashtua wanakimbia na kukanyaga watoto wao. Mwanamke mmoja alisema, “Sawa kwenye mupaka siku walifunga barrière,” na hakuna aliyecheka. Nikaeleza jiwe jeusi na ukuta mweupe. Nikaeleza maji matamu ya barafu yanavyomwagika katika bahari ya chumvi na kuvuruga mikondo inayosafirisha joto na baridi duniani. Jasho lilinitoka, lakini sikukosea neno.

Kisha kijana yule wa kwanza akasimama.

“Sawa. Akteri tunamujua. Jambazi iko wapi? Mi sijamuona.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Filamu bila jambazi haijawahi kuonyeshwa pale. Nikasema jambazi ni joto. Haikutosha: nani analileta? Nikasema moshi wa viwanda, hasa vya nchi kubwa, na magari, na ndege, na kila kinachochoma mafuta, hata kama cha kwetu ni kidogo. Nyuma ya ukuta jenereta ilikuwa inanguruma, maana umeme ulikuwa umekatika.

“Donc jambazi ni bosi wa sine!” mtu alipiga kelele, na ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mwenye ukumbi aliinua mikono mlangoni kama aliyekamatwa.

Kicheko kilipotulia, mwanamke aliyesema habari ya mpaka aliuliza polepole, “Na ile maji ya Sebeya? Ilitoka kwa hii barafu?”

Mama, aliyesimama karibu na mlango, alinitazama. Masenge alinitazama. Lilikuwa neno moja tu. Ningesema ndiyo, na masenge angeshuka na mtoto wiki ile ile. Huenda mtu mwingine yeyote angelisema. Mimi nilifikiria glasi na chujio. Nikasema filamu haisemi hivyo. Nikasema inayojulikana ni kwamba dunia na bahari zikipata joto, maji mengi zaidi yanapanda angani, na mvua kubwa zinakuwa kubwa zaidi. Lakini mvua ile moja, usiku ule mmoja, siwezi kusema ilitoka kwa barafu ipi.

“Bon,” alisema. “Hata wewe haujui.”

Mama alitoka nje.

Mwisho wa filamu, dubu amekonda, ngozi inaning'inia. Anasimama ufukweni akinusa upepo. Asubuhi moja maji yanakuwa mazito, yanakuwa meupe, yanakakamaa. Msimulizi wa Kiingereza anazungumzia barafu iliyochelewa na unene wake, na mimi nikatafsiri unene wake. Dubu anaweka unyayo wa kwanza, anaondoka polepole kwenye weupe, mtoto wake akimfuata. Ukumbi ulisimama na kushangilia. Akteri hakufa.

Masenge alinijia akiwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu mto ule uje.

“Umeona? Walisema barafu iliisha, iliisha. Ye akangoja. Hakukimbia. Ikarudi.”

“Masenge, si hivyo filamu inavyosema. Imesema kila mwaka—”

“Minasikia vile ulisema. Lakini minaona nani alishinda.” Alinibusu shavuni. “Akteri hahame, mwana wangu. Mwenye kuhama ni ule mutu anakufa wa kwanza kabisa, hata jina hatumujue.”

Akapanda kurudi Kanama na mjukuu wake, akiwa ameamua kubaki zaidi kuliko alivyokuja. Hakuna neno langu lililokuwa si kweli. Niliyapitia yote kichwani, moja baada ya jingine, nikitafuta lililomdanganya, na sikulipata. Hilo ndilo lililonitisha. Siku zote nilidhani ukiwa sahihi vya kutosha huwezi kumdhuru mtu.

Msimu wa mvua ukaanza. Mama aliacha kuzungumza nami isipokuwa kuhusu chumvi na sabuni. Mimi nikairudia filamu, kama nifanyavyo, nikitafuta kosa. Na kosa sikuliona, lakini kuna kitu nilikuwa nakijua tangu mara ya kwanza ya kuirudia, nikakiweka kando kwa sababu ya sheria yangu. Nikakitazama tena. Nikaweka simu kwenye chaji, na kulipokucha nikapanda Kanama.

Nilimkuta masenge anamenya viazi mlangoni. Jiko halikujengwa tena, anapika sebuleni, na kuta zimekuwa nyeusi juu kwa moshi na kahawia chini kwa tope la mafuriko. Mstari wa tope unanifikia begani. Nje, ile alama nyekundu alikuwa ameitundikia ungo. Mtoto alikuwa anapanga maganda ya viazi juu ya jiwe. Mto haukuonekana kutoka pale, lakini ulisikika.

“Umekuja kunihamisha,” alisema bila kuinua kichwa. “Ni mama yako alikutuma.”

“Nimekuja kukuonyesha filamu.”

“Ile ile?”

“Ile ile.”

Alifuta mikono, akavuta kigoda. Mtoto akaja kuegemea goti lake. Niliipunguza sauti ya Kiingereza kabisa na nikatafsiri kwa mdomo wangu, bila mzaha, bila kumpa mtu jina. Alikuwa anachekea mahali alipochekea mara ya kwanza. Tulipofika mwisho, bahari ikiwa nyeupe, dubu akiinua mguu, niliisimamisha.

“Masenge, hesabu watoto.”

Aliichukua simu mkononi, akaisogeza karibu na macho, kisha mbali.

“Rudisha kwa mwanzo,” alisema.

Nikarudisha. Shimo la theluji, dubu, mmoja, wa pili. Akaniambia nipeleke mwisho. Nikapeleka. Akasema nirudishe tena. Alifanya hivyo hadi mtoto akachoka na kurudi kwenye maganda yake.

“Ule mwengine ilienda wapi?”

“Filamu haisemi.”

“We ulijua? Siku ile, mbele ya watu yote?”

“Nilijua.”

“Na ukanyamaza.”

“Mzungu hakusema, masenge. Alikuwa anasema unene wa barafu. Mimi natafsiri kinachosemwa.”

Alinirudishia simu, si kwa hasira. Ilikuwa mbaya kuliko hasira.

“Na macho yako nayo iko ya mzungu?”

Nilizima simu.

Aliinuka akaingia ndani. Nilimsikia akivuta sanduku chini ya kitanda. Alikunja nguo moja moja, akazifunga katika kitenge, na mimi nikasimama mlangoni nikihisi machozi ya furaha yananijia, nikipanga jinsi nitakavyompigia mama simu. Kisha nikaona ukubwa wa kile kifurushi. Zilikuwa nguo za mtoto tu, sweta, viatu vya kanisani.

“Na zako?”

“Mi niko na kaburi ya bwana yangu pale mu migomba. Niko na nyumba minajenga na mugongo hii.” Alikaza fundo. “Dubu hana kaburi. Njo maana anatembea.”

“Masenge, twende wote. Mama ameshatayarisha chumba.”

“Akteri ile nilimuona, alibaki. Kosa lake ni kubaki na watoto.” Akamwita mjukuu, akamfuta uso kwa ncha ya kitenge, kwa nguvu, mpaka mtoto akalalamika. “Unaenda kwa shangazi yako huyu, Mbugangari. Kule iko televizyo.”

Mtoto aliuliza kama bibi anakuja. Bibi alisema atakuja mvua ikiisha. Nilisimama pale, mimi mwenye sheria zangu, na sikusahihisha.

Tulishuka kwa miguu kuelekea barabara kuu, mtoto nimemshika mkono, kifurushi kichwani. Mawingu yalikuwa yameshafunika vilima vya upande wa juu, kule mto unakoanzia. Tulipofika kwenye lami aliniuliza, “Ule dubu mudogo mwengine ilipotea?”

Nilitaka kumwambia alikwenda kwa shangazi yake. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo.

“Sijui,” nilisema. “Hawaonyeshi.”

Sasa analala kitanda kimoja nami, na anazungumza usingizini. Mama ananisemesha tena. Ukumbini nimeomba wanipe filamu za wanyama tu, na mwenye ukumbi anadhani ni kwa sababu ya sauti yangu. Mvua haijaisha. Kila asubuhi nampigia masenge kabla sijanawa uso, na kila asubuhi anapokea kwa neno lile lile, akicheka:

“Akteri hajakufa.”

Mimi sicheki. Nakandamiza simu sikioni na kusikiliza, nyuma ya sauti yake, mto umefika wapi.